Dawa ya Chini

Aliingia chumba cha matibabu akiwa amelikumbatia tarumbeta lake, akapanda kwenye kiti cha meno na kulilaza mapajani kama mzazi aliyempeleka mtoto kliniki na sasa anangoja zamu yake. Dada yake, ambaye ndiye daktari, alimtazama kutoka kwenye beseni la kunawia mikono. Alishazoea wagonjwa wanaokuja wamemshika mtu mkono, na wengine wanaokuja wakiomba dua njia nzima. Aliyekuja na chombo cha shaba alikuwa huyu mmoja tu, naye walizaliwa tumbo moja.

"Hilo litakaa nje," alisema.

"Huko nje kuna watu, dada."

"Na humu ndani kuna mate na damu. Mpe Shangazi akushikie."

Shangazi alikuwa msaidizi wa daktari, mwanamke mtu mzima ambaye kliniki nzima ilimwita hivyo ingawa hakuna aliyekuwa na udugu naye. Alilipokea tarumbeta kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati la glavu, akampigia mgonjwa ukope. Mgonjwa akatabasamu, na hapo daktari akaliona jino lililomleta.

Wenzake walimwita Kifua. Walisema akishika sauti moja, wasikilizaji ndio wanaoanza kutafuta pumzi kwa niaba yake. Alikuwa amepiga kwenye arusi, kwenye mazishi, kwenye ufunguzi wa maduka ambayo mengine yalifungwa kabla hata hajasahau wimbo alioyafungulia. Sasa bendi kubwa ya mji, ile yenye sare na chumba chake cha mazoezi, ilimwita aje kujaribiwa, kwa kuwa mpigaji wao wa kwanza alikuwa amestaafu. Nafasi ilikuwa moja. Kwa mtu aliyekwisha kuvuka miaka arobaini, nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Yeye alilijua hilo, dada yake alilijua, na mama yao alilijua kuliko wote, maana alikwisha kuwatangazia majirani.

Na jino lenyewe lilikuwa la mbele, la juu, mahali hasa pale mdomo wa tarumbeta unapoegemea. Ukilitazama kwa mbele ungesema ni jino la kupigiwa picha. Kwa nyuma lilikuwa limeliwa hadi likabaki ukuta mwembamba unaopitisha mwanga. Daktari alilichimba taratibu, akaweka mashine chini, akachukua kijiko kidogo cha chuma na kuendelea kwa mkono, kwa kuwa alikuwa amekaribia mshipa na hapo mashine haina huruma. Alipoona sakafu ya tundu imeanza kuwa ya waridi, aliacha.

Watu hudhani kuziba jino ni kama kuziba shimo la ukutani: unatia, unasawazisha, unakwenda zako. Wanachokiona ni ile dawa nyeupe ya juu, na ndiyo wanayoisifia. Daktari huyu alikuwa haamini sana ya juu. Yeye aliamini ya chini, ile inayolazwa kwanza, karibu na mshipa, ambayo mgonjwa hataiona maisha yake yote. Akisikia ndoa ya mtu imevunjika, husema moyoni kwamba walikosea ya chini. Barabara mpya ikichimbika baada ya mvua ya kwanza, husema vivyo hivyo. Ilikuwa ndiyo dini yake, na kwa kweli ilimfanya awe mtu mgumu kukaa naye mezani.

Kwenye sinia lake zilikuwapo dawa mbili za chini. Ya kwanza ilikandwa kwa mafuta ya karafuu. Hiyo mshipa huipenda. Ukiiweka, maumivu yanakaa kimya papo hapo, na mgonjwa anashuka kitini akikuombea heri. Ya pili ilikuwa ya chokaa. Chokaa haibembelezi mtu. Inalichokoza jino mpaka jino lenyewe lijenge ukuta wa kuukinga mshipa, kama lina nguvu hiyo, na kama halina, basi. Lakini dawa ya karafuu haipatani na ile nyeupe ya juu. Mafuta yake hunywewa na kuta za jino, na ile nyeupe, ambayo ilipaswa kuganda chini ya taa ya buluu, inakuwa kama maziwa yaliyochemshwa: juu utando, chini majimaji. Kwa jino la nyuma lenye kuzibwa kwa madini ya kijivu, karafuu ni rafiki. Kwa jino la mbele litakalobeba shaba ni adui. Daktari hakuhitaji kufikiri mara mbili.

"Dada," Kifua alisema alipopewa nafasi ya kutema, "nitilie ile ya siku ile. Ile yenye harufu. Lile la nyuma lilinyamaza palepale."

"Hiyo hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu daktari ni mimi."

Shangazi alicheka, na Kifua naye akacheka, mdomo wake ukiwa nusu umekufa ganzi. Ingekuwa rahisi kumweleza. Ilikuwa sentensi moja, mbili kwa wingi. Lakini daktari alikuwa mtu mwenye maneno mengi kwa meno na machache kwa wenye meno. Alihesabu kueleza kuwa ni kubembeleza, na kubembeleza aliwaachia watu wa karafuu. Alilaza chokaa pale penye waridi, akafunika kwa simenti ya muda, akamwagiza arudi jino likishatulia, kabla ya siku ya kujaribiwa.

"Usipulize. Na usitie kitu chochote humo."

"Sitatia," alisema Kifua, na alikuwa mkweli.

Siku zilizofuata alimpigia dada yake simu asubuhi, mchana na jioni.

"Linagonga, dada. Linagonga kama mtu anayedai mlango."

"Vumilia. Chokaa inafanya kazi yake."

"Kazi gani, ya kuniua?"

"Jikaze. Wewe si mtoto."

Kisha simu zikakoma. Daktari alipompigia mama kumuuliza, mama alijibu kwa sauti ya mtu aliyeridhika kwamba sasa kijana analala vizuri, na kwamba wasimsumbue. Daktari aliweka simu chini akiwa na furaha ambayo hakumwonyesha yeyote. Chokaa ilikuwa imeshinda. Jino lilikuwa linajijengea ukuta wake huko gizani, kama alivyolitaka, bila mtu kulibembeleza.

Kifua aliporudi, Shangazi alikuwa likizo na daktari alijihudumia mwenyewe. Simenti ya muda ilikuwa imemeguka pembeni.

"Umepuliza."

"Kidogo tu. Midomo inasahau, dada, usione hivi."

Alimgombeza, lakini kwa nusu ya moyo, kwa sababu mengine yote yalikuwa mazuri mno. Aliiondoa simenti iliyobaki, akakuta chokaa imekaa imara. Alipuliza hewa baridi ndani ya tundu, akitazama macho ya ndugu yake, na macho hayo hayakupepesa. Jino lililokuwa likimliza kwa hewa ya kinywa chake mwenyewe sasa lilikuwa limetulia kabisa. Daktari aliliona hilo akamshukuru Mungu. Alipaka gundi, akatia ile nyeupe tabaka kwa tabaka, kila tabaka akilimulika kwa taa ya buluu, kisha akalichonga na kulisugua mpaka mtu asingeweza kujua wapi jino limekwisha na wapi dawa imeanza.

Kifua alijitazama kwenye kioo cha mkononi, akageuza uso kulia na kushoto.

"Dada, wewe ni fundi," alisema.

Alipofika mlangoni alilitoa tarumbeta kwenye mfuko wake na kabla hajakatazwa akapuliza, sauti moja tu, ndefu. Wagonjwa waliokuwa wameshika mashavu wakainua vichwa. Daktari alitoka na uso wa kukasirika, akamwambia hapa si uwanjani, na akarudi ndani haraka kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa. Alikuwa na fahari. Alikuwa na fahari ya ndugu yake na fahari ya mikono yake, na kwa dakika chache hakuweza kuzitenganisha.

Siku ya kujaribiwa ilikuja ikapita, na hakuna aliyepiga simu.

Kesho yake Kifua aliingia kliniki akiwa amejiziba mdomo kwa leso. Safari hii hakuja na tarumbeta. Alikaa kitini bila kuambiwa, akaeleza kwa maneno machache, akitazama dari. Wimbo wa kwanza aliupiga vizuri, hata kiongozi wa bendi alifunga macho. Wa pili ulikuwa na sehemu ya juu, ile ambayo lazima ugandamize. Akagandamiza. Akasikia kitu kinacheza ndani ya jino kama mguu wa kiti uliolegea, akadhani ni wasiwasi wake, akagandamiza zaidi, na hapo likapasuka. Kiongozi alimshukuru kwa kufika. Alimshukuru kwa adabu kubwa, akampa na karatasi ya kufutia damu, na akamwita aliyefuata.

"Wamemchukua huyo aliyefuata?" aliuliza daktari.

"Ni kijana mzuri," alisema Kifua. "Anajua kupiga."

Jino lilikuwa limepasuka kwa urefu mpaka chini ya ufizi. Hakukuwa na la kuokoa. Mshipa ulikuwa umekufa, tena si jana wala juzi, na mfupa uliolishika umeanza kulika kwa usaha. Jino la bandia angeweza kupewa, lakini la bandia ni la kuchekea na kuzungumzia. Ukiliegemezea shaba kwa nguvu ile, juu ya mfupa ule, halitakaa. Wote wawili walijua hivyo. Daktari alimchoma sindano ya ganzi na kuling'oa. Halikumpa hata shida ya kuvuta. Kifua alibana pamba aliyopewa, akanyanyuka, akamgusa dada yake begani kwa heshima kama mtu anayeaga msibani, akatoka.

Shangazi, ambaye alikuwa amerudi kazini asubuhi ileile, alilichukua sinia kwenda kulisafisha, akasita.

"Daktari, hili linanuka karafuu."

"Humu kila kitu kinanuka karafuu, Shangazi. Hata mkate wangu."

"Najua. Mimi nimetoka likizo, pua yangu bado haijazoea, ndiyo maana. Lakini hili linanuka lenyewe, kwa ndani."

Daktari alilichukua jino, akalipeleka puani, akavuta pumzi. Hakusikia chochote. Akavuta tena, akafumba macho, lakini ilikuwa kama kujaribu kusikia harufu ya ngozi yake mwenyewe. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imo ndani ya harufu hiyo. Basi akachukua sindano ya kupimia na kuigusa ile dawa nyeupe. Kwa juu iligoma kama jiwe. Alipoisukuma kupitia kwenye ufa, kuelekea chini, sindano ilizama taratibu bila kupingwa, ikatoka na uzi mweupe unaonata.

Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa. Sasa alielewa kila kitu, na kuelewa hakukumsaidia. Macho yale hayakupepesa kwa sababu karafuu ilikuwa imeyanyamazisha. Chini ya utulivu ule mshipa ulikuwa unakufa, na yeye alikitazama kifo chake akakiita kupona.

Jioni alikwenda nyumbani kwa mama yao, ambako Kifua aliishi. Mama alikuwa jikoni akichuja supu ili isibaki na kitu cha kutafuna. Daktari aliegemea mlango. Hakutaka kuzungukazunguka.

"Mama, mdogo wangu alipokuwa anaumwa sana, alitia nini kwenye lile jino?"

"Hakutia kitu."

"Mama."

"Nakuambia hakutia kitu. Alisema umemkataza, na mwanangu akiahidi ameahidi. Mimi ndiye niliyemtia." Mama alicheka kidogo, kama mtu aliyeshinda mchezo wa watoto. "Kile kisimenti chako kilianza kumeguka, akawa analia, mwanamume mzima. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikachovya pamba kwenye mafuta ya karafuu nikampachika. Kila jioni, na asubuhi naitoa, anasukutua kwa chumvi. Ile siku ya kuja kwako nilimwambia asukutue vizuri, maana nakujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema hapana. Wewe hapana yako iko karibu." Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Na isitoshe, si ndiyo dawa yenu? Tangu uanze kazi hiyo kila ukija hapa nguo zako zinanuka karafuu. Nikasema, kama daktari mwenyewe anaiogelea, itamdhuru nini ndugu yake?"

Daktari aliutazama mkono wa nguo yake. Mama aliacha kuchuja, akamtazama kwa makini, na kile kicheko kikaanza kumtoka usoni.

"Kwani nilifanya vibaya?"

Alikuwa amezeeka. Daktari aliliona hilo jikoni pale kama jambo jipya: shingo imekonda, chujio lenyewe sasa analishika kwa mikono miwili. Huyu ndiye angekuwa akimpelekea Kifua chakula kila siku, akimwona ameketi hana kazi, na kila siku angejiambia kwamba ni yeye. Asingedumu. Kama angedumu, ingekuwa ni adhabu.

"Hapana, mama," alisema. "Angalau alilala."

"Ndivyo nilivyosema mimi. Angalau alilala."

Kifua alikuwa sebuleni, televisheni imewashwa bila sauti. Daktari aliketi kiti cha pili. Mama alileta bakuli la supu, akaliweka mbele ya mwanawe, naye akakaa. Kwa muda walitazama watu wasiosikika wakizungumza.

"Dada," alisema Kifua, ulimi wake ukiwa bado haujazoea pengo. "Sitaki kugombana. Nataka kujua tu, ili nikilala nisifikirie. Ulikosea wapi?"

Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa la kweli, fupi, na lingemsafisha mara moja. Mtu wa kuliumia alikuwa ameketi baina yao, akipuliza supu ya mwanawe ipoe. Kisha daktari alikumbuka ile sentensi moja ambayo hakuisema siku ya kwanza, na akaona kwamba hata akidanganya, hautakuwa uongo mtupu.

"Dawa ya chini," alisema. "Nilichagua isiyopatana na ya juu."

Kifua aliligeuza jambo hilo kichwani. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kumhukumu kwa haraka.

"Kumbe ile niliyokuomba ndiyo ingefaa," alisema. "Ile ya karafuu."

Kulikuwa na vitu vichache duniani alivyokuwa na hakika navyo, na hiki kilikuwa kimojawapo, labda ndicho cha mwisho.

"Pengine," alisema.

"Mimi nilijua tangu mwanzo," alisema mama, si kwa ubaya.

Kifua alitikisa kichwa taratibu. Hakuonekana kuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyepewa bei ya kitu ambacho kimeshauzwa. Alinyanyuka, akaliacha bakuli lake limejaa, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango bila kuubamiza. Daktari alibaki akiutazama mlango. Alitaka kumfuata na hakuwa na cha kumpelekea, kwa sababu kitu pekee ambacho kingemrudishia ndugu yake kilikuwa kimeketi hapa karibu, kimejifunga kanga, na kilikuwa kimeanza kumpapasa goti.

"Mpe muda," alisema mama. "Atakusamehe tu, ni ndugu yako. Mimi mwenyewe nimeshakusamehe. Najua hukukusudia."

Daktari aliufunika mkono ule kwa wake.

"Ahsante, mama," alisema.